Uliiambia Ni Nini?

Saa tisa usiku, kiwanda cha maziwa nje ya Tartu,
nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
malori saba yamepangana langoni
injini zikinguruma ili madereva wasigande.
Hakuna tone litakaloshushwa
mpaka kompyuta iseme: shamba gani, ng'ombe wa nani,
na kipimo cha juzi kilisomaje.

Virve amevaa koti ndani ya ofisi.
Mchana alihamishia msimbo wa zamani kwenye seva mpya,
mistari elfu sita ya mkono wa Heldur;
akausafisha, akaupanga,
akajipongeza kwa mkate mweusi na jibini.
Sasa kila akiita OtsiTalu,
yaani Tafuta Shamba,
hifadhidata inamjibu kwa maandishi mekundu:
OtsiTalu inadai nambari ya shamba. Haikuletwa.

Imeletwa!
Ameiona kwa macho yake, mia nne kumi na mbili,
imo ndani ya kigezo chake
kama barua ndani ya bahasha yenye stempu.
Anaituma tena. Haikuletwa.
Anageuza tarakimu kuwa herufi. Haikuletwa.
Anazima, anawasha. Mjumbe hauawi,
lakini huyu ametukanwa kwa lugha mbili,
Kiestonia kwanza, kisha Kirusi cha bibi yake,
ambacho kwa matusi kina ghala kubwa zaidi.

Tõnu, dereva wa lori la mbele, anagonga dirisha.
Hasemi kitu. Anaonyesha saa.

Basi anampigia Heldur,
aliyestaafu mwaka juzi akaenda kufuga nyuki huko Võru,
mtu asiyependa simu hata mchana.
Anamweleza yote: seva, shamba, nambari, ule wekundu.
Upande wa pili, pumzi. Kitanda kinalia.
Kisha:
"Uliiambia ni nini?"
"Niliiambia nani?"
"Hiyo amri. Uliiambia kwamba ni jina?"
Akakata simu, akalala.

Sisi wa Kiswahili pengine tungeshtuka mapema.
Andika *kaa* kwenye karatasi, uiache mezani.
Mmoja atavuta kiti.
Mwingine atachungulia jiko.
Wa tatu atainua miguu, asije akabanwa kidole.
Neno halijakosea.
Ni wewe hukusema lisomwe vipi.

Katika msimbo wa Heldur, juu ya kila mwito,
palikuwa na mstari mmoja mfupi.
Haukupiga hesabu, haukurudisha kitu.
Ulisema tu: yanayofuata si maneno ya kusomwa,
ni jina la utaratibu uliolala humo ndani;
uamshe, uukabidhi mzigo wake.
Virve aliufuta. Aliuona vumbi.
Na bila huo mashine ikarudia mazoea yake,
kwamba kila kitu ni matini hadi iambiwe vingine.
Ikalisoma jina kama mtoto asomaye kibao cha duka,
kwa sauti, akipita;
utaratibu ukasikia unatajwa, ukatoka mlangoni,
ukanyoosha mkono,
na bahasha ikabaki mfukoni mwa mjumbe,
kwa kuwa hakuna aliyemwambia
kwamba huyu ndiye.

Anaurudisha mstari. Neno, alama ya sawasawa, neno.
Hakuna cheche. Skrini haichezi.
Inaandika: 412, shamba la Kuuse, mmiliki Salme Pedak, maziwa safi.

Lango linapanda likikwaruza barafu.
Tõnu anapiga honi mara moja, fupi,
na mvuke wa bomba lake unaingia mpaka ofisini
ukinuka dizeli na zizi.

Kabla ya kuvua koti, Virve anaongeza maelezo
juu ya ule mstari, kwa ajili ya atakayekuja:
*Usifute. Ukifuta, Heldur ataamshwa.*
Mashine huiruka mistari ya namna hiyo.